Tondozi ya Mkia wa Kiingereza

Kwetu Kakamega fahali husifiwa. Alfajiri ya siku ya mapigano, upande wa Shinyalu na Khayega, hutolewa zizini kwa ngoma za isukuti, na mwenye fahali, ambaye jana yake hakuwa na la kumwambia hata mkewe, anafunguka ulimi ghafla: anataja pembe, anataja nundu, anataja wapinzani waliogeuza mgongo na vijiji walikotoka. Walimu wa fasihi simulizi wana jina la sifa za namna hiyo, tondozi. Mimi sina fahali. Baba alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeogopa kuku. Ila nina mnyama wangu wa Kiingereza aliyenibeba tangu utotoni, na miaka yote hii sijasikia mtu akimpigia ngoma. Wenye Kiingereza chao ndio kwanza wanamfukuza kwa fimbo. Leo namtoa zizini mimi. Msitafute pembe, maana sifa zake ziko mkiani.

Mkia wenyewe ni herufi mbili, l na y. Uchomeke nyuma ya uchungu, furaha, ghadhabu au kukata tamaa kwa Kiingereza, nawe umepata kielezi cha hisia kali: bitterly, joyfully, furiously, desperately. Mtu halii hivi hivi, analia bitterly. Hafoki hivi hivi, anafoka furiously, na msomaji akiwa mbali anajua asogeze kiti.

Nilikutana na mnyama huyu katika shule ya msingi iliyopakana na msitu wa Buyangu, karibu kiasi kwamba mbega walikaa juu ya miti wakitutazama tukisoma, na sijui nani alikuwa anamwonea mwenzake huruma. Mwaka 1985 serikali iliutangaza upande wetu wa msitu kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka huo huo ikaleta mfumo wa elimu wa 8-4-4 pamoja na mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, KCPE. Kizazi chetu basi kilikua chini ya marufuku mbili: usiingie msituni kuokota ukuni, na usitoe kitenzi cha Kiingereza nje kikiwa uchi.

Mwalimu aliyesimamia marufuku ya pili aligawa ubao mara nne, furaha, huzuni, hasira na hofu, na chini ya kila neno akapanga vielezi mafungu mafungu, kama mama wa sokoni Malava anavyopanga nyanya. Ukitaka kuandika unachagua fungu lako. Hakuna aliyeuliza nyanya zimetoka shamba la nani. Tulizinakili kwenye daftari la msamiati, tukazikariri tukichunga ng'ombe, na kwa ulimi wetu wa Kiluhya, ambao hauoni sababu ya kugombanisha b na p, bitterly ilishuka kilima ikiwa “pitali”. Haidhuru. Mtihani ulikuwa wa maandishi.

Insha ya Kiingereza, tuliyoiita kompo, ilikuwa na dakika 40 na alama 40, kwa hiyo kila dakika ilikuwa na bei yake. Mtoto anaambiwa aeleze siku asiyoweza kuisahau. Ana dakika hizo tu za kumfanya mtu asiyemjua, aliyeketi mji wa mbali mbele ya rundo la karatasi, aamini kwamba yeye kweli aliumia. Angeweza kueleza jinsi mama alivyoshika fremu ya mlango, jinsi uji ulivyopoa mezani bila mtu kuugusa. Hayo yanataka aya nzima, na aya nzima inataka vitenzi vya wakati uliopita, ambavyo Kiingereza kimevificha kila kimoja katika pango lake. Kielezi kinaimaliza kazi kwa neno moja. Unaandika sadly, msahihishaji anatia tiki, maisha yanaendelea. Nionyeshe kibarua mwingine wa bei hiyo.

Ndiyo maana kompo zote za Buyangu zilianza kwa mtu kuamka excitedly. Hatujawahi kuamka hivyo hata siku moja. Tuliamka kwa sababu ng'ombe alikuwa analia au paa lilikuwa linavuja. Lakini kwenye karatasi jua lilichomoza, tukaruka kitandani excitedly, na ndege wakaimba melodiously. Neno hilo la ndege lilinitatiza hata wakati ule. Msitu wetu una aina zaidi ya 300 za ndege, na watu husafiri kutoka Ulaya na darubini shingoni kuja kuwatazama. Miongoni mwao yupo hondohondo, ambaye sauti yake ni ya trekta ya miwa iliyokwama barabara ya Webuye, na akiruka mabawa yake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Huyo naye aliimba melodiously. Tulimsitiri. Kielezi kina roho nzuri kuliko wengi wetu.

Kazi yangu bora ilihusu mbega. Niliandika kwamba nilimkuta juu ya mti wa mwiritsa, akanitazama sorrowfully, nami nikamtazama remorsefully kwa niaba ya wakata miti wote, kisha tukaachana reluctantly, nikafika nyumbani nikalia bitterly. Alama 34 kati ya 40. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa la nane, na wakubwa wale wakanitazama, sasa nasema kwa kipimo, jealously. Ukweli ni kwamba mbega yule alikula majani, akajisaidia hatua moja kutoka kichwani pangu, akaenda zake.

Jioni nilimsomea Kukhu, mama yake baba. Hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilisoma nikitafsiri, sentensi kwa sentensi, naye akichambua likhubi kwenye ungo. Mbega hakumsumbua. Wanyama katika hadithi zake walifanya makubwa zaidi. Nilipofika mwisho nikasema “nikalia kwa uchungu”, mikono yake ikasimama.

“Mwana wanje, kuna kulia kusiko na uchungu?”

Nikamwambia Kiingereza ndivyo kinavyotaka, Kukhu.

“Wao wasipoambiwa wanadhani mtu analia nini? Pilau?”

Akarudi kwenye mboga zake. Nilikuwa na alama 34, sikuona haja ya kujibu.

Baadaye niligundua kuwa wako watu wakubwa waliokubaliana naye bila kumjua. Stephen King, Mmarekani wa hadithi za kutisha, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uandishi, aliviweka vielezi kwenye barabara ya jehanamu. Elmore Leonard, aliyeandika habari za wahalifu na kuwapenda kuliko vielezi, alihesabu kuwa dhambi kubwa kukibandika kielezi kwenye kitenzi cha kusema. Kabla yao Wamarekani walishafanya mzaha. Vitabu vya kijana Tom Swift, vilivyoanza kutoka mwaka 1910, vilikuwa na mazoea ya kutomwacha mtu aseme neno bila kutujulisha amelisema kwa hali gani, na mnamo 1963 ukashika moto mchezo wa kuvidhihaki kwa sentensi za kubuni: Tom anasema amepoteza wembe wake, na anasema sharply, kwa ukali. Watu wazima walicheka hadi magazetini.

Nawaheshimu wazee hawa, ila walizungumza wakiwa wameshiba. Mtu aliyenyonya Kiingereza kwa mama yake ana vitenzi vya kulia ghala tele: weep, sob, wail, whimper, howl. Kumshauri mwenzako aache vielezi ukiwa na ghala kama hilo ni sawa na mwenye magari matano kukusifia faida za kutembea kwa miguu. Sisi tulipewa kimoja, cry, tena kilikuwa kama shati la shule lililorithiwa na ndugu sita: kola imekwisha, kiwiko kinaonekana. Ungetufanyaje tusikifunike?

Na uchungu zaidi ni kwamba hatukutoka kwenye umaskini wa maneno. Katika shule ile ile, mlango ule ule, somo likibadilika kuwa Kiswahili, mtu aliruhusiwa kuanguka kwa namna nyingi: majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Giza lilikuwa totoro. Weusi ulikuwa tititi, weupe pepepe. Kulia nako machozi yalimtiririka mtu njia mbili mbili, kana kwamba kuna polisi wa trafiki shavuni. Mtoto aliyezoea neno lenye mlio wake nyuma, kama trekta na trela yake, anaingia somo la Kiingereza anakuta fall. Neno kavu. Halikwambii kama umelowa, umechafuka au umevunjika. Anageuka kutafuta trela. Huko nyuma hakuna chubwi wala tapwi, kuna l na y peke yake. Anaichukua hiyo hiyo, anaandika I fell heavily, na moyoni bado anasikia tapwi.

Hili ndilo ambalo wasahihishaji wengi hawajalielewa. Wakiona kompo ya Kakamega imejaa vielezi hudhani tunapenda mapambo, watu wa kanga za rangi kali. Kumbe tunatafuta tapwi.

Kuazima la nyumbani haikuwezekana. Palikuwa na diski, kipande cha ubao chenye kamba, alichovishwa shingoni aliyeropokwa na Kiluhya, naye akakipitisha kwa mwingine aliyeropokwa, na aliyelala nacho aliamkia viboko. Nimewahi kuivaa kwa sababu ya kuumwa na siafu. Jaribu wewe kuumwa na siafu kwa Kiingereza. Kwa hiyo hasira zetu, vifo vyetu, njaa ya mwezi wa Mei, vyote vilipaswa kupita katika tundu moja lililoachwa wazi, na tundu hilo lilikuwa na umbo la kielezi. Tulipitisha tulichoweza.

Lakini hakuna fahali anayesifiwa bila kutajwa ukoo, nami ningekuwa mwivi wa fadhila kama ningeificha nasaba ya mnyama huyu. Ule mkia wa herufi mbili una babu. Katika Kiingereza cha kale ulikuwa -lice, uliotokana na lic, neno lililomaanisha mwili, ukiwa hai au ukiwa maiti. Ndiko pia lilikotoka neno la kufanana, like. Aliyelia bitterly, tukirudi kwa wahenga wao, alilia kwa mwili mchungu. Nilipolijua hili nilikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na nilifurahi kama mtu aliyegundua kwamba karani anayemsumbua kila siku ni shemeji yake.

Kwa sababu kwetu ndivyo mtu anavyolia. Fika kwenye matanga kando ya mto Isiukhu. Mwanamke anaanza kilio angali barabarani, mikono kichwani, leso imefungwa kiunoni. Anaingia uani na kilio chake kikiwa na miguu na mabega. Anazunguka nyumba, anamgombeza marehemu kwa kuondoka kabla ya maongezi kwisha, anaanguka, pu, anainuliwa. Kisha anaketi, anajipangusa, anauliza kama kuna chai. Kazi imefanyika na mwili umeifanya. Kiingereza nacho zamani kilijua hivyo, kisha kikauzika mwili katika herufi mbili na kusahau kaburi lilipo. Watoto wa Buyangu tuliendelea kupeleka maua bila kujua.

Wenyewe walivyomtunza mnyama huyu, afadhali nisiseme sana. Terribly na awfully walikuwa fahali wa vita, wamejaa hofu kuu. Leo wanakokota mikokoteni ya adabu. Mwingereza akikukanyaga kidole anajuta terribly, chai ikiwa nzuri ni awfully nzuri. Hopefully alipotaka kusimama peke yake mwanzoni mwa sentensi, walinzi wa lugha kule Marekani walimpiga vita tangu miaka ya 1960, mpaka mwaka 2012 shirika la habari la AP likampa kibali katika mwongozo wake. Nusu karne ya ugomvi juu ya tumaini! Sisi tulikuwa tumelitumia muda wote huo kwenye barua za kuomba kazi, na kazi hatukupata, wala hatukulilaumu neno.

Maana ukubwani ndiko nilikojua uzito wake. Kenya yetu haiwezi kusogea hatua moja bila vielezi. Tangazo la mlangoni linakuomba kindly uvue viatu. Barua ya basari bila humbly ni barua ya mtu mwenye pesa. Nimewahi kujitangaza Yours faithfully, mwaminifu wako, kwa meneja ambaye sikumjua jina wala sura, na kama angelinidai uaminifu huo mbele ya mahakama sijui ningesema nini. Kabla ya ukubwa huo, katika kidato cha pili, nilimwandikia msichana wa shule ya ng'ambo kwamba nampenda madly, namkumbuka terribly na nasubiri jibu lake desperately. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa sentensi moja, haina kielezi hata kimoja, na ilieleweka vizuri sana. Leo nakiri kwamba Stephen King angemwoa yule msichana.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Nilidhani mnyama wangu atazikwa nayo. Likizo iliyopita mpwa wangu, mtoto wa mtaala mpya ambao unamtaka agundue, abuni na afikiri, alinipa daftari nimsomee. Aliamka excitedly. Ndege walikuwa wakiimba, nanyi mnajua kwa namna gani.

Kukhu alipofariki, kazi ya kuandika wasifu wake ilinijia mimi, mtu wa alama 34. Programu ya mazishi kwetu huchapwa kwa Kiingereza, hata kama marehemu hakukijua na nusu ya waombolezaji hawakijui. Ni nguo ya kutokea. Nikaandika alizaliwa lini, aliolewa na nani, alilima nini, kanisa gani lilimbatiza. Nikafika kwenye sentensi ya mwisho, ya siku tuliyopigiwa simu kutoka hospitalini. We wept. Nikaitazama. Ilikuwa imesimama pale mlangoni kwa watu bila shati. Nikasikia swali la ungo na likhubi, nikalisikia vizuri, nikajua jibu lake lilivyokuwa tangu mwanzo. Kisha nikaongeza bitterly. Kwanza yeye hakuwa na namna ya kupinga, na pili sikuwa na tapwi.

Nikaituma kwa simu kwa kijana wa saiba mjini aichape, nakala 200, picha ya rangi ukurasa wa mbele. Zilifika asubuhi ya mazishi kwa bodaboda, bado zina joto. Kaka yangu mkubwa alifungua moja, akanipa bila kusema kitu, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho. Kijana alikuwa amechapa betterly. We wept betterly. Tulilia vizuri zaidi.

Kaka alitaka tukae chini ya mti tufute kwa kalamu, nakala 200, mimi na yeye na mpwa. Tukawa tumefika ya saba. Hapo akaingia mwalimu wangu wa Kiingereza, mstaafu sasa, anatembea kwa mkongojo, kalamu nyekundu ingali mfukoni mwa shati kama medali. Akachukua nakala ambayo hatujaigusa, akavaa miwani, akasoma kurasa zote bila haraka, midomo ikicheza. Alipofika chini akasimama. Akachomoa kalamu.

Wakati huo huo akina mama wa ng'ambo ya Isiukhu walikuwa wametokea penye kona ya miwa. Bado walikuwa barabarani. Mikono ilikuwa kichwani, leso zimefungwa viunoni, na kilio kilitangulia kufika, kikapita juu ya ua, juu ya viti vya kukodi na hema, mpaka kuku wakatawanyika. Mwalimu aliwatazama wakija, akatazama karatasi, akawatazama tena. Kisha akaiegemeza karatasi kwenye mkongojo wake, na pembeni ya neno lile akatia tiki.